Duka Liko Meru, Wewe Uko Embu: Endesha Kompyuta Ukiwa Mbali Bila Kuhatarisha Pesa Zako

Ni Jumamosi jioni. Umefika nyumbani Embu, chai iko mezani, halafu simu inalia. Ni kijana unayemwachia agroveti yako kule Makutano, Meru. "Boss, hesabu imekataa. Pesa zilizoingia kwa simu leo hazilingani na mauzo kwenye kompyuta."

Utafanya nini? Urudi stendi, upande matatu, upite tena Runyenjes, Chuka na Nkubu ili tu uangalie skrini moja? Nauli imeenda, Jumapili nayo imeenda.

Si lazima. Unaweza kufungua laptopu yako hapo Embu, uione skrini ya kompyuta ya duka na uiendeshe kana kwamba umeketi mbele yake. "Lakini ya duka ni Windows na yangu ni Mac," utasema. Hiyo haizuii kitu.

Kuna jambo moja tu. Programu hizi zinazokuokolea nauli ndizo matapeli wanazotumia kukomba salio la watu. Leo tunazungumzia pande zote mbili.

Mbona mifumo tofauti inaelewana?

Kompyuta ya duka ndiyo inayofanya kazi yote. Inachokutumia ni picha ya skrini yake tu, na wewe unairudishia miguso ya kibodi na mwendo wa kipanya. Laptopu yako inakuwa kama dirisha la kuchungulia duka. Dirisha halihitaji kufanana na chumba, si ndiyo? Ndiyo maana Mac inaweza kuendesha Windows, Linux ikaendesha Mac, na hata simu ya Android ikaendesha kompyuta.

Wazo hili si geni. VNC, mojawapo ya programu za mwanzo za kazi hii, ilitengenezwa katika maabara moja mjini Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990. Leo kuna TeamViewer na AnyDesk, zote kutoka Ujerumani, na Chrome Remote Desktop ya Google. Windows pia ina yake, ila kompyuta yenye toleo la Home haikubali kuendeshwa kwa njia hiyo. Inahitaji toleo la Pro.

Anza hivi

Kwa duka dogo, Chrome Remote Desktop ni rahisi na haina malipo.

1. Ukiwa dukani, fungua Chrome kwenye kompyuta ya duka, ingia kwa akaunti yako ya Google, kisha nenda remotedesktop.google.com.
2. Chagua sehemu ya Remote Access, weka programu, na uipe kompyuta jina, kwa mfano "Duka Makutano".
3. Weka PIN ya tarakimu 6 au zaidi.
4. Ukiwa nyumbani, ingia kwa akaunti ileile kwenye laptopu yako, bofya jina la kompyuta, weka PIN. Umeingia.

Hapo kwenye PIN, tafadhali tusikilizane. PIN yako ya pesa ina tarakimu 4. Wengi wakiambiwa waweke 6, wanachukua ileile ya pesa na kuongeza mbili mbele. Usifanye hivyo! Kijana wa duka akiiona mara moja tu, ameshajua njia ya kufika kwenye salio lako. Weka PIN tofauti kabisa, na akaunti ya Google uilinde kwa uthibitisho wa hatua mbili.

Mambo mengine madogo: kompyuta ya duka lazima iwe imewashwa na ina intaneti, na mipangilio yake isiiruhusu kulala. Stima ikipotea Meru, huingii. Na ukitoka Mac kwenda Windows, usishangae kunakili kwa Command kukikataa, jaribu Ctrl.

Simu ambayo hukuitarajia

Sasa upande wa pili. Simu inalia, nambari huijui. Sauti ni tamu, inakuita kwa jina. "Tunapiga kutoka huduma kwa wateja. Kuna pesa zimetumwa kwako kimakosa na laini yako inakaribia kufungwa. Weka programu hii tukusaidie, kisha nisomee nambari unazoziona."

Nambari hizo ndizo ufunguo. Ukizisoma na kubonyeza "kubali", mtu usiyemjua anaiona skrini yako. Anaona ujumbe mfupi ukiingia, pamoja na nambari za siri za kutumika mara moja. Akikwambia ufungue akaunti "tuhakikishe salio", anatazama kila unachogusa. Hakuiba PIN yako, umemwonyesha mwenyewe.

Kwa hivyo shika kanuni hii moja: muunganisho salama ni ule ulioanzisha wewe. Ukimpigia fundi unayemjua pale mjini Embu akusaidie, ni sawa. Keti hapo utazame anachofanya, kisha ufunge programu akimaliza. Aliyekupigia yeye, hata akijua jina lako kamili, mkatie.

Nasi tunakuahidi: hatutawahi kukupigia na kukuomba uweke programu ya kuona skrini yako. Hatutakuomba PIN pia. Anayefanya hivyo kwa jina letu ni tapeli.

Hata kampuni kubwa huvamiwa. Februari 2024, AnyDesk ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia kwenye mitambo yake, ikawashauri wateja wabadilishe nenosiri. Usitumie nenosiri moja kila mahali, na usiache programu kama hizi zikiwa wazi wakati huzitumii.

Je, umeshamruhusu?

Usione aibu, harakisha.

- Zima data na Wi-Fi papo hapo, kisha ondoa programu hiyo.
- Tumia simu nyingine kupiga nambari yetu rasmi ya huduma. Ijulishe na benki yako.
- Badilisha PIN na manenosiri yako, ukianza na barua pepe.
- Usifute ujumbe wala rekodi za simu. Nenda kituo cha polisi uandikishe na upewe nambari ya OB.

Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Turudi kwenye ile agroveti. Unaingia kutoka Embu, unapitia mauzo, unakuta mfuko mmoja wa chakula cha kuku umeandikwa mara mbili. Unarekebisha, unafunga muunganisho, kijana anafunga duka. Chai yako haijapoa.

Una mzazi au jirani anayependa kupokea simu za "huduma kwa wateja"? Msomee makala hii leo jioni.