WITO WA MKRISTO KATIKA NAFASI ZAKE MBALIMBALI

Katika sharika zetu neno "wito" limezoeleka kutumika kwa maana finyu. Tukisema kwamba kijana fulani "ana wito", wasikilizaji huelewa kuwa anataka kuwa mchungaji au mwinjilisti. Hatusemi hivyo juu ya muuguzi, fundi seremala, mkulima, wala bibi anayelea wajukuu walioachwa yatima. Kwa mazoea yetu, hao "humtumikia Mungu" pale tu wanapofika kanisani kuimba kwaya au kuhesabu sadaka. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo yanapingana na fundisho la Kilutheri, na kwamba madhara yake huweza kuanzia nyumbani kwa mchungaji mwenyewe.

Fundisho la Luther

Katika Kanisa la Magharibi la wakati wa Luther, wenye wito walihesabiwa kuwa ni watawa na makasisi. Maisha ya mume, mke, mkulima na mtumishi wa nyumbani yalidhaniwa kuwa ya daraja la chini. Luther, ambaye mwenyewe alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, aliupinga mgawanyo huo. Mwaka 1520, katika waraka wake kwa wakuu Wakristo wa taifa la Ujerumani, alifundisha kwamba kwa ubatizo waamini wote ni makuhani, nao hutofautiana kwa kazi walizokabidhiwa, si kwa hadhi mbele za Mungu. Mwaka 1522, alipoandika juu ya maisha ya ndoa, alimtaja baba anayefua nepi za mtoto wake: watu humcheka kama mpumbavu, lakini akiifanya kazi hiyo kwa imani, Mungu na malaika zake humfurahia. Nalo Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 26, lasikitika kwamba kazi ambazo Mungu amemwagiza kila mtu katika wito wake, kama vile baba kulea watoto na mtawala kuongoza nchi, zilikuwa zimedharauliwa, huku desturi zilizowekwa na wanadamu zikisifiwa kuwa ndizo maisha ya kiroho.

Kwa faida ya nani?

Msingi wa fundisho hili ni kuhesabiwa haki kwa imani. Kwa kuwa Kristo amekwisha kutupatanisha na Mungu, matendo yetu hayana deni la kulipa mbinguni. Mwanateolojia wa Sweden, Gustaf Wingren, katika kitabu chake cha mwaka 1942 kuhusu Luther na wito, alilieleza jambo hili kwa uwazi: anayehitaji matendo yetu mema si Mungu, bali ni jirani. Mungu huwalisha watu kwa mkono wa mkulima, na huwahudumia wagonjwa kwa mkono wa muuguzi. Ndiyo maana Yohana Mbatizaji, alipoulizwa na watoza ushuru na askari wafanye nini (Luka 3:10-14), hakuwaagiza waache kazi zao na kukaa naye jangwani. Aliwataka watoza ushuru wasizidishe kiwango kilichowekwa, na askari wasimdhulumu mtu bali watosheke na mishahara yao. Toba yao ilipaswa kuonekana pale pale walipofanyia kazi.

Hata hivyo, si kila shughuli ni wito. Kipimo ni jirani. Kazi isiyoweza kufanyika bila kumwibia au kumdhuru haitakasiki kwa kuitwa wito. Wala fundisho hili lisitumiwe kumfunga anayeonewa, katika sura ile ile anayomwambia kila mtu akae katika hali aliyoitwa nayo, Paulo anamshauri mtumwa anayeweza kuwa huru autumie uhuru huo (1 Kor. 7:20-21).

Nafasi zinapogongana

Ugumu unakuja kwa sababu mtu mmoja ana nafasi nyingi. Mkuu wa ofisi ya umma ni mtumishi wa wananchi, lakini pia ni mjomba wa kijana anayetafuta kazi. Dada yake akija kumwomba ampitishe kijana huyo mbele ya wengine, yeye atajibu nini? Hatuwezi kumwambia tu kwamba undugu ni kitu cha dunia, kwa maana wajibu kwa jamaa nao umetoka kwa Mungu (1 Tim. 5:8). Jibu ni kutambua kwamba kila nafasi ina jirani zake na mali yake. Kiti cha ofisi amekabidhiwa kwa ajili ya wananchi wote, hivyo hawezi kukitoa zawadi kwa ukoo. Lakini mshahara wake, muda wake na ushauri wake ni vyake kuwapa ndugu, naye asijifiche nyuma ya sheria za ofisi ili akwepe wajibu huo.

Tukimfundisha hivyo mkuu wa ofisi, yatupasa kujifundisha na sisi. Bwana wetu aliwakemea waliowanyima wazazi wao msaada kwa kusema kwamba mali hiyo ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu (Marko 7:9-13). Je, hatuna Korbani ya namna hiyo? Mchungaji anayezunguka mitaa yote juma zima, asijue mtoto wake amesimamishwa shule wala mke wake anaumwa, huweza kusema kwa dhamiri safi kwamba yuko katika kazi ya Bwana. Lakini aliyempa usharika ndiye aliyempa na nyumba, na Paulo anaiweka nyumba mbele kama jaribio la uangalizi (1 Tim. 3:4-5). Muda ulioibwa kwa jirani wa karibu hauwi sadaka kwa sababu umepelekwa madhabahuni.

Yatupasayo kutenda

Kwanza, katika mahubiri tutoe mifano ya utumishi kutoka shambani, sokoni, darasani na jikoni, wala si kanisani peke yake. Pili, katika maombi ya Jumapili tuwaombee kwa kazi zao watu wa usharika wetu, kama tunavyowaombea wachungaji na wainjilisti. Tatu, turudie maungamo kwa namna ya Katekisimo Ndogo. Humo, katika sehemu iliyoongezwa baada ya toleo la kwanza la mwaka 1529, Luther anamwelekeza anayeungama aiangalie nafasi yake kwa mwanga wa Amri Kumi: kama ni baba au mama, mwana au binti, bwana au mtumishi, na kama amekosa utii, uaminifu au bidii.

Anayejipima hivyo ataona mara moja kwamba hakuna nafasi hata moja aliyoitimiza kikamilifu. Hapo asikate tamaa, wala asikimbilie nafasi nyingine anayoidhani kuwa takatifu zaidi. Apokee ondoleo la dhambi, kisha arudi kwa watu wale wale aliowaacha asubuhi. Na sisi tunaotamka ondoleo hilo kwa wengine, tulipokee pia, kisha turudi nyumbani mapema.