Mchezaji Ajionapo Mwenyewe

Katika nchi ya Kanada majira ya baridi ni marefu, na maji ya maziwa huganda yakawa magumu kama jiwe. Juu ya barafu hiyo watu wa huko hucheza mpira wa magongo, ila hawapigi mpira wa mviringo, bali kisahani cha mpira mgumu, unene wake inchi 1 na upana wake inchi 3. Viatu vyao vina ubapa mwembamba wa chuma chini yake, ndio uwatelezeshao. Kila upande huwa na watu sita, mmoja wao akilinda lango. Siku hizi mchezo huu huchezwa zaidi ndani ya majumba makubwa ambamo barafu hufanywa kwa mitambo.

Nayataja haya ili msomaji atambue jinsi mambo yapitavyo upesi. Kisahani kikipigwa na mtu hodari chaweza kupita mwendo wa maili 100 kwa saa. Na mara nyingi mchezaji hakai barafuni hata dakika nzima, hutoka akapumzika na mwenzake akaingia. Je, akiulizwa alifanya nini katika muda ule, atajibu nini? Atasema lile alilokusudia kulifanya. Wala hasemi uongo, ndivyo akumbukavyo.

Kwa sababu hiyo walimu wa mchezo walitafuta msaada wa picha za video. Aliyejulikana sana kwa kazi hii ni Roger Neilson, aliyezaliwa Toronto mwaka 1934. Alipata kuwa mwalimu wa shule, na tangu 1966 hata 1976 aliwafundisha vijana wa timu ya Peterborough. Mwaka 1977 alipewa timu ya Toronto Maple Leafs, ambayo wachezaji wake hulipwa mshahara, akawa akiwaonyesha picha za michezo yao. Basi wakamwita kwa utani "Captain Video". Alifariki mwaka 2003, na desturi yake imeenea katika timu kubwa zote.

Lakini kuwa na picha si kufundisha. Tumfikirie kijana mmoja, kazi yake kuzuia adui wasikaribie lango. Kisahani kipo pembeni, naye amekikazia macho. Nyuma yake adui anapita polepole hata mbele ya lango, anapewa kisahani, anafunga. Kijana ashikilia kwamba alikuwa akimlinda mtu yule. Mwalimu asiye na subira humkemea mbele ya wenzake, kisha huwaonyesha wote makosa ishirini kwa saa nzima. Watoka chumbani na vichwa vizito, na ukiwauliza kesho yake, hawakumbuki hata mawili.

Nami nilifanya hivyo, ingawa si barafuni. Nilipoanza kazi ya ualimu nilisahihisha insha ya mtoto mmoja, nikaijaza wino mwekundu tangu juu hata chini, nikidhani namsaidia. Juma lililofuata aliandika mistari mitatu tu. Hakuwa amejifunza makosa yake. Alijifunza kuandika machache ili makosa yasionekane. Mchezaji aliyeaibishwa naye huwa vivyo hivyo: hukikwepa kisahani, maana asiyekigusa hakosei.

Mwalimu mwenye busara huchagua jambo moja. Humwita kijana faraghani, akasimamisha picha kabla adui hajapita, akauliza, "Hapa macho yako yanatazama wapi? Nani yuko nyuma yako?" Kisha hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, lakini jibu alilolitafuta kijana mwenyewe hukaa moyoni kuliko aliloambiwa. Hata hivyo hapana budi kumwelekeza mahali pa kutazama. Mwaka 1976 wataalamu wawili, Rothstein na Arnold, walichungua majaribio mengi ya kufundisha kwa video, wakaona kwamba anayeanza hafaidiki sana akiachiwa picha bila kuelekezwa. Macho yake hufuata kisahani katika picha, kama yalivyokifuata uwanjani.

Baada ya hapo waende barafuni siku ile ile. Kijana hukimbilia kisahani pembeni, na kabla hajakifikia hugeuza kichwa atazame nyuma ya bega. Mwenzake asimamaye huko huinua vidole, naye hutaja hesabu yake. Hurudia mara chache leo, na tena kesho kutwa, na tena juma lijalo, kwa kuwa mazoezi yaliyogawanywa hudumu kuliko yaliyolundikwa siku moja. Wala mwalimu hasemi neno kila mara, asije kijana akazoea kungoja sauti yake, akakosa la kufanya siku ya mashindano.

Kisha mwalimu hutafuta picha nyingine, ile ya siku alipogeuza kichwa, akamwona adui, akamzuia asipite. Hii aweza kuionyesha mbele ya timu nzima.