Printa Iko Mezani, Laptopu Haiioni

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, zilikatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kujikokota, na Malindi, Watamu na Kilifi hazikusalimika. Video ziliganda na barua pepe zilichelewa. Lakini kuna safari moja ambayo ajali ile haikuweza kuigusa: ukurasa mmoja kutoka kwenye laptopu iliyoko sebuleni mtaani Barani, Malindi, kwenda kwa printa iliyoko chumba cha pili. Safari hiyo haipiti baharini. Haifiki hata kwenye nguzo iliyo nje ya nyumba. Inatoka kwenye laptopu, inaingia kwenye ruta, inaishia kwenye printa.

Watu wengi hawalijui hilo, na kutojua huko kunawagharimu. Printa isipoitika, wa kwanza kulaumiwa ni kampuni ya intaneti. Bando huongezwa, fundi huitwa, programu ya printa hufutwa na kuwekwa upya, na mwishowe faili hutiwa kwenye flashi na kupelekwa saiba. Ruta ya nyumbani ina kazi mbili tofauti. Moja ni kuwatoa watu wa nyumba nje, kwenye intaneti. Nyingine ni kuviunganisha vifaa vya ndani kwa ndani, na hii haihitaji bando hata la shilingi moja. Ruta iliyokatiwa huduma tangu jana bado inarusha waifai, na laptopu na printa bado zinaweza kuwasiliana, mradi printa yenyewe haikusajiliwa katika huduma inayolazimisha kila kazi ipitie kwa mtengenezaji.

Jambo hili si dogo kwa Kaunti ya Kilifi. Mtaala wa umilisi, CBC, ulipoanza madarasani kote nchini mwaka 2019, wazazi walijikuta wakiombwa kuchapisha picha na kazi za watoto wiki baada ya wiki. Kabla ya hapo, tangu 2014, huduma za serikali zilikuwa zimeanza kuhamia eCitizen, na kila ombi lina karatasi yake. Ndiyo maana printa ndogo za matangi ya wino zimeingia nyumbani kwa walimu, kwenye nyumba za wageni za Watamu na ofisi za chumba kimoja za Kibaoni. Nyumba iliyonunua printa ili iepuke foleni ya saiba haipaswi kurudi kwenye foleni hiyo kwa kosa la mtandao linaloweza kurekebishwa bila kutoa senti.

Kosa linaloongoza hutokea stima inapopotea na kurudi.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, giza lilitanda karibu Kenya nzima, na hali hiyo ikajirudia tarehe 11 Novemba na 10 Desemba mwaka huohuo. Huko ni kukatika kwa gridi ya taifa. Wakazi wa Pwani wanajua pia kule kukatika kudogo kwa mtaa mmoja ambako hakutangazwi popote. Stima ikirudi, ruta, printa na simu vyote huamka kwa pamoja, na kila kimoja huomba anwani. Utaratibu wa kugawa anwani hizo unaitwa DHCP, na kanuni zake zinazotumika hadi leo ziliandikwa mwaka 1997. Ruta humpa kila mwombaji namba, yaani anwani ya IP, mfano 192.168.1.23, kwa muda maalumu. Ruta nyingi za nyumbani huiweka orodha ya waliopewa kwenye kumbukumbu inayofutika zikizimika. Kwa hiyo printa iliyokuwa na 23 jana inaweza kuamka ikapewa 27, na ile 23 ikaangukia kwa simu ya mtoto.

Laptopu haina habari. Inaendelea kupeleka kazi kwa 23, kama mgeni anayebisha hodi kwenye chumba cha mpangaji aliyekwisha kuhama. Anayejibu siye, au hajibu mtu, na kwenye skrini linatokea neno Offline. Printa ni nzima, waifai ni nzima, na hata programu iliyofutwa na kuwekwa upya haikuwa na kasoro. Ikionekana kuwa kuiweka upya kumesaidia, ni kwa sababu imeitafuta printa upya na kuikuta kwenye namba mpya. Umeme ukipotea tena, tatizo linarudi.

Dawa yake ni kuiwekea printa namba isiyohama. Ndani ya mipangilio ya ruta kuna sehemu ya kuhifadhi anwani. Hapo huandikwa utambulisho wa printa wenye herufi na tarakimu 12, ambao mara nyingi umebandikwa nyuma yake, pamoja na namba inayotakiwa. Tangu hapo ruta haitampa mwingine namba hiyo. Na ikitokea printa inajionyesha ina anwani inayoanza na 169.254, hiyo ni alama kwamba iliomba anwani na haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Huenda iliamka kabla ruta haijawa tayari. Izime, subiri ruta itulie, iwashe tena.

Chanzo cha pili ni ukuta. Nyumba nyingi za ukanda huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yanayochimbwa humuhumu kaunti, na nyumba za zamani zina kuta nene kuliko za matofali ya kisasa. Mawimbi ya waifai ya gigahazi 2.4 yana urefu wa takriban sentimita 12.5, na yale ya gigahazi 5 takriban sentimita 6. Hayo mafupi hubeba data kwa kasi zaidi, lakini huchoka upesi kwenye ukuta. Matumbawe yana vitundu vinavyohifadhi unyevu, na maji hula nguvu ya mawimbi haya. Chuma huyarudisha yalikotoka, kwa hiyo friji au mabati kati ya ruta na printa ni kizuizi kibaya zaidi.

Inafaa kukumbuka kwamba pwani hii ina uzoefu wa mawimbi ya redio. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksi itokayo angani. Ilizunguka dunia kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 500 na kutuma habari zake kwa redio. Mawimbi yalivuka umbali huo kwa sababu njiani hapakuwa na kuta za mawe. Ndani ya nyumba, mita 10 zenye kuta 3 zinatosha kuyamaliza.

Kuna ufumbuzi ambao watu huupuuza: kuihamisha printa. Hailazimiki kukaa karibu na anayeandika. Ikae chumba kimoja na ruta, na kama ina tundu la waya wa mtandao, iunganishwe kwa waya. Printa nyingi za bei nafuu husikia gigahazi 2.4 peke yake, hivyo anayeiunganisha kwa mara ya kwanza ahakikishe ruta haijazima masafa hayo.

Fumbo linalowachosha hata mafundi ni hili: laptopu inachapisha vizuri, lakini simu iliyo palepale inasema hakuna printa. Simu haiendi kwa namba. Hutumia mbinu ya kuita watu wote kwa pamoja, iliyowekewa kanuni rasmi mwaka 2013, na iliyokuwa ikitumiwa tayari na AirPrint, huduma ya Apple ya kuchapisha kutoka kwenye simu, tangu 2010. Simu hutuma ujumbe kwa anwani ya pamoja, 224.0.0.251, kuuliza printa yoyote iliyopo ijitaje. Tatizo liko kwenye tabia ya waifai. Ujumbe wa mtu mmoja hupokelewa kwa hati: mpokeaji asipothibitisha, unatumwa tena. Ujumbe wa wote haudai uthibitisho. Ukipotea umepotea, na kuna ruta zinazouzuia kabisa ili kupunguza msongamano.

Hapo kuna kipimo kimoja kinachostahili kujulikana na kila mwenye printa. Fungua kivinjari cha laptopu au simu, andika anwani ya IP ya printa pale juu, bonyeza. Ukurasa wa printa wenyewe ukifunguka, njia ni nzima na shida ni ya kuitana tu. Ongeza printa kwa kutumia namba yake, usingoje ijitokeze. Ukurasa usipofunguka, kuna kizuizi njiani.

Kizuizi hicho mara nyingi kimewekwa na wenye nyumba bila kujua. Huenda laptopu iko kwenye mtandao wa wageni, ambao umetengenezwa kuwazuia waliomo wasionane. Mwenye nyumba ya wageni Watamu anafanya vyema kuwatenga wateja wake hivyo. Kosa ni kuiunganisha printa ya mapokezi kwenye mtandao huohuo. Au kuna ruta ya pili iliyonunuliwa ili kufikia ghorofani, nayo ikaanza kugawa anwani zake. Printa ipo 192.168.1, laptopu ipo 192.168.0, na ingawa zote zinapata intaneti, kila moja ina mtaa wake. Ruta hiyo ya pili ibadilishwe mipangilio iwe kituo cha waifai tu, kazi ya kugawa anwani ibaki kwa ile ya kwanza.

Mtandao huohuo wa ndani hutumika pia kushirikisha mafaili kati ya kompyuta, na hilo lina historia ndefu zaidi. Lugha inayotumiwa na Windows kushirikisha folda, SMB, ilianzishwa na Barry Feigenbaum wa IBM mwaka 1983. Toleo lake la kwanza liliishi mno, hadi tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipotumia tundu lililokuwemo na kuenea katika nchi nyingi, kikivuruga hata hospitali za umma za Uingereza. Kuanzia Oktoba mwaka huo, toleo hilo lilianza kuondolewa kwenye Windows 10 mpya. Ndiyo sababu kompyuta kuukuu ya Windows XP, ambayo haijui lugha nyingine, haionani na laptopu mpya. Mafundi wengine huifufua lugha hiyo ya zamani ili wamridhishe mteja. Wasifanye hivyo. Mafaili ya kompyuta hiyo yahamishwe kwa flashi au diski, basi.

Mwaka 2024, Windows 11 Pro toleo la 24H2 ilikaza zaidi: kwa kawaida haikubali tena kufungua folda isiyo na nywila. Waliochomeka diski nyuma ya ruta na kuiacha wazi kwa kila mtu ndio walioumia. Suluhisho ni kuiwekea diski hiyo jina la mtumiaji na nywila. Wengine hukwama kwenye nywila yenyewe, kwa kuwa wanaandika ile PIN ya kufungulia laptopu. PIN ni ya mashine moja tu na haisafiri mtandaoni. Inayotakiwa ni nywila kamili ya akaunti. Vilevile waifai ya nyumbani iwe imewekwa Private, si Public, kwenye laptopu inayotoa folda, la sivyo inajificha kwa makusudi.

Si kila karatasi iliyokwama ni kosa la mtandao, bila shaka. Hewa ya bahari hulainisha karatasi zilizoachwa kwenye trei, na printa huvuta mbili kwa mpigo.

Basi stima ikiwa ipo jioni ya leo, ingia kwenye menyu ya printa yako, chapisha ukurasa wa taarifa za mtandao, usome anwani ya IP na kuihifadhi kwenye ruta. Kisha iandike kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwa printa, ili hata asiyekuwepo leo aikute.