Kujua Njia Iliyopitwa na Kijidudu cha Ebola

Ugonjwa wa Ebola ukiingia katika mji, watu wote huuliza neno moja: Umetoka wapi? Mara nyingi jibu linakuja upesi, lakini si la kweli. Wengine wanashitaki jirani, wengine wanashitaki wageni, wengine wanasema ni uchawi. Kwa hiyo ni vizuri tufahamu namna waganga wanavyotafuta njia ya ugonjwa huu.

Ebola huletwa na kijidudu kidogo sana kinachoitwa virusi. Ndani yake mna maandishi, si ya wino, bali ni mfuatano wa vitu vidogo vya namna nne. Tukihesabu kila kimoja kuwa herufi, kijidudu cha Ebola kina herufi karibu 19,000. Kwa maandishi hayo kijidudu hujua namna ya kuzaana ndani ya mwili wa mtu.

Kila kinapozaana, maandishi hunakiliwa. Ni kama mwalimu wa kwaya anayenakili daftari ya nyimbo kwa mkono. Pengine anakosa herufi moja. Mwanafunzi akinakili daftari ile, atanakili na kosa lile, tena pengine ataongeza la kwake. Ukikuta daftari mbili zenye makosa yale yale, utajua kwamba zimetoka katika daftari moja. Ndivyo ilivyo na virusi. Ebola inapopita toka mtu hata mtu, herufi mbili hivi hubadilika kwa mwezi.

Basi waganga huchukua damu kidogo ya mgonjwa, husoma herufi za kijidudu kwa mashini, na kuzilinganisha na za wagonjwa wengine. Msiogope jambo hili. Wanasoma maandishi ya kijidudu, hawasomi mambo ya siri ya mtu.

Tazameni faida yake. Tarehe 1 Juni 2020 Ebola ilitangazwa Mbandaka, katika Equateur. Wakati ule ugonjwa ulikuwa haujaisha bado katika Kivu ya Kaskazini, ambako pamoja na Ituri ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200 tangu mwaka 2018. Je, msafiri aliuleta kutoka Mashariki? Herufi zilijibu: Hapana. Vijidudu vya Mbandaka havikuwa wazao wa vile vya Mashariki.

Tena, mwezi wa Februari 2021 Ebola ilionekana upya karibu na Butembo. Je, ilitoka tena kwa nyama wa porini? Waganga wa INRB walisoma herufi zake, wakaona ni uzao wa ugonjwa ule wa mwaka 2018 hata 2020. Katika nchi ya Guinea, mwaka ule ule wa 2021, kijidudu kilifanana sana na kile cha mwaka 2014. Herufi chache tu zilikuwa zimebadilika. Kama kingalipita toka mtu hata mtu miaka ile yote, herufi nyingi zingalibadilika. Kumbe kilikuwa kimejificha katika mwili wa mtu aliyepona.

Je, tuwafukuze waliopona? Hapana kabisa! Aliyepona haambukizi watu kwa kusalimiana, wala kwa kula pamoja, wala kwa kuketi nao. Lakini kwa mwanaume kijidudu kinaweza kukaa siku nyingi katika mbegu za uzazi. Kwa hiyo apimwe, naye atumie kondomu au ajizuie mpaka vipimo viwili vimeonyesha kwamba hakuna kijidudu. Ukimfukuza, atajificha, hatapimwa, na hatari itakuwa kubwa zaidi. Ukimpokea, atakuja hospitali kwa amani.

Jueni neno hili pia: herufi peke yake hazitoshi. Zinaonyesha kwamba wagonjwa wawili wana kijidudu cha ukoo mmoja, lakini hazisemi walikutana wapi, wala nani alimhudumia nani. Mambo hayo yanajulikana kwa vinywa vyenu. Muuguzi akija nyumbani kuuliza nani alimgusa mgonjwa, nani aliosha maiti, mwambieni kweli. Mkificha jina moja, mtu yule hatapata chanjo kwa wakati, na jamaa yake wote wanaweza kuambukizwa.

Basi, mtu akisema, "Ni fulani aliyetuletea ugonjwa," mwulizeni, "Umejuaje?" Na mkiona dalili za homa kali, kutapika, au kuhara, njoni hospitali upesi.