Moshi ulioruhusiwa jana huenda ni sumu leo

NA DAKTARI WETU

Watu wengi huamini kwamba kiwanda chenye leseni hakiwezi kuwadhuru. Wakiona bomba linafuka moshi husema, "Kama ungekuwa na madhara, serikali ingekifunga." Msomaji, usijitulize kwa imani hiyo. Leseni huonyesha kwamba kiwanda kilitimiza masharti yaliyokuwapo wakati kilipokaguliwa. Masharti hayo hubadilika, na mitambo nayo huchakaa.

Kwa nini vipimo hubadilika?

Hubadilika kwa sababu kila utafiti unapoendelea, madaktari hugundua madhara katika viwango vidogo zaidi vya sumu. Chukua mfano wa madini ya risasi. Katika miaka ya 1960, madaktari wa Marekani hawakushtuka mpaka damu ya mtoto iwe na mikrogramu 60 za risasi katika kila desilita. Mwaka 1991 kipimo cha tahadhari kilishushwa hadi 10, mwaka 2012 hadi 5, na mwaka 2021 hadi 3.5. Risasi yenyewe haikugeuka ikawa kali zaidi. Kilichobadilika ni ujuzi wetu. Leo Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Ndivyo ilivyo pia kwa chembechembe za moshi. Zile ndogo kabisa ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu kwa takriban mara 30. Pua haziwezi kuzizuia. Huteremka hadi ndani ya mapafu na nyingine huingia katika damu, zikachangia pumu, maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Mwaka 2005 WHO lilishauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 10 za chembechembe hizo katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Mwaka 2021 likashusha hadi 5. Huo ni ushauri. Kila nchi hujiwekea sheria yake. Kenya ilitunga kanuni za ubora wa hewa mwaka 2014, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, na mwaka 2024 ikachapisha kanuni mpya.

Funzo la Owino Uhuru

Wakazi wa Pwani wanakijua kisa cha mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 kiwanda kilichokuwa jirani ya nyumba zao kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Moshi, vumbi na maji machafu yake viliwafikia watu, na watoto walipopimwa walikutwa na risasi katika damu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama ilikuwa Mamlaka ya Mazingira, NEMA, yenye jukumu la kusimamia viwanda. Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024.

Fidia ni haki yao, lakini haitengenezi upya ubongo wa mtoto uliokwisha kuathirika. Ndiyo sababu moshi hupimwa kabla watu hawajaugua.

Upepo wa Bodo

Kupima nako kuna ujuzi wake. Fikiria kijiji cha Bodo, Msambweni, kando ya ghuba ya Funzi. Upande wa bara kuna Ramisi, ambako kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1988 na kilimo cha miwa kikafufuliwa baadaye. Kiwanda cha sukari huchoma makapi ya miwa ili kupata mvuke na umeme. Makapi makavu yakipata hewa ya kutosha huungua vizuri. Yakiwa mabichi hutoa moshi mzito na masizi.

Sasa waulize wavuvi wa Bodo habari za upepo. Mchana hutoka baharini kwenda bara. Usiku hugeuka ukatoka bara kwenda baharini. Kusi ikivuma moshi huelekea kaskazini, na kaskazi ikija huelekea kusini. Tena usiku hewa ya chini hupoa, na moshi hutambaa karibu na ardhi badala ya kupaa. Kwa hiyo, popote penye kiwanda, kipimo kilichochukuliwa mchana mmoja wa kusi hakiwezi kumweleza anayelala upande wa pili wakati wa kaskazi anavuta nini.

Kiwanda kifanye nini?

Kiwanda kinachotaka kwenda na sheria kina kazi nne. Kwanza, kila kanuni mpya inapotoka, kilinganishe vipimo vyake na viwango vipya bila kungoja leseni iishe. Pili, kipime moshi ndani ya bomba na vilevile hewa ya nje, mpakani mwa kiwanda, kwa misimu yote. Tatu, kitunze vichujio. Kuna mitambo inayozungusha moshi ili majivu yaanguke, mingine huuosha kwa maji, na mingine huupitisha katika mifuko ya kitambaa. Mfuko uliotoboka ni sawa na kutokuwa nao. Nne, kiweke kumbukumbu na kupeleka NEMA ripoti ya ukaguzi wa mazingira kila mwaka.

Nawe ufanye nini?

Ukiishi karibu na kiwanda, andika tarehe, saa, rangi ya moshi, harufu na upepo unakotoka. Maandishi ya wiki kadhaa yana nguvu kuliko malalamiko ya siku moja. Yapeleke ofisi ya NEMA ya kaunti yako. Usiisahau serikali ya kaunti, kwani Katiba ya 2010 imeikabidhi kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Kifungu cha 42 cha Katiba hiyo kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na unaweza kwenda mahakamani kuitetea.

Mwone daktari ukikohoa zaidi ya wiki mbili, kifua kikibana, au pumu ya mtoto ikizidi. Mweleze unakoishi na kazi unayofanya, kwa maana bila habari hizo anaweza kutibu kikohozi na asijue chanzo chake. Mtoto anayeishi karibu na wanaoyeyusha betri apimwe damu hata kama anacheza vizuri, kwa sababu risasi mara nyingi haionyeshi dalili mapema. Mfanyakazi wa kazi hiyo aoge na kubadili nguo kabla ya kwenda nyumbani, asiwapelekee wanawe vumbi. Na kitambaa cha kufunga puani kisikudanganye: huzuia vumbi kubwa tu, chembechembe ndogo hupita.