Programu inapochukua barua pepe badala ya karani

BARUA pepe inayotumwa kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam haifiki moja kwa moja kwenye kompyuta ya mwenyewe. Huishia kwenye seva, yaani kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, ambayo huihifadhi mpaka mlengwa aje kuichukua. Kwa mtu aliyezoea sanduku la posta jambo hili si geni: barua hulala ndani ya sanduku, na mwenye ufunguo ndiye anayeifuata.

Mfuataji huyo si lazima awe binadamu. Chukua mfano wa ofisi iliyotangaza nafasi 10 za kazi na kutoa anwani moja tu ya kupokea maombi. Iwapo maombi 3,000 yatafika, kila moja likiwa na wasifu pamoja na nakala za vyeti, karani anayetumia dakika mbili kwa kila barua atahitaji saa 100, sawa na zaidi ya siku 12 za kazi, kabla hajaanza hata kuwapanga waombaji. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayokabidhiwa programu: iingie kwenye seva, ichukue barua, itoe viambatanisho, iandike majina kwenye orodha.

Mtunzi wa programu hiyo haanzi na ukurasa mtupu. Hutumia kile kinachoitwa maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa vipande vilivyokwisha kuandikwa na kujaribiwa na wengine, ambavyo yeye huviita kwa majina na kuvipa kazi. Lugha ya kompyuta ya Python, kwa mfano, huja na maktaba mbili za kuchukulia barua, poplib na imaplib. Watumiaji wa Java walikuwa na JavaMail, ambayo sasa hujulikana kama Jakarta Mail. Kwa mistari isiyozidi 20, mtunzi anaweza kufungua kisanduku na kusoma barua ya kwanza. Wepesi huo ndio unaowaponza wengi, kwa kuwa maktaba hutii amri inayopewa bila kuuliza mtoa amri alikusudia nini.

Majina ya maktaba hizo mbili yanatokana na itifaki mbili, yaani taratibu za mazungumzo kati ya kompyuta ya mtumiaji na seva. Itifaki ya POP ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984, na toleo lake la tatu, POP3, likatokea mwaka 1988. Ilibuniwa kwa ajili ya kompyuta inayounganishwa kwa muda mfupi, ikachukua barua zake na kuondoka. Mazungumzo yake ni mafupi kama ya wanajeshi. Mteja hutaja jina na neno la siri. Seva hujibu +OK ikikubali, au -ERR ikikataa. Mteja huomba barua kwa amri ya RETR, huifuta kwa amri ya DELE, kisha huaga kwa QUIT.

Nyuma ya amri hizo tatu kuna jambo ambalo mtunzi asipolijua atakuja kulijutia. DELE haifuti chochote papo hapo. Huweka alama tu, na seva huziondoa barua zenye alama pale inaposikia QUIT. Umeme ukikatika katikati ya kazi, au mtandao ukayumba, barua zote hubaki salama kwenye seva. Wabunifu wa itifaki hiyo waliona mbali. Hata hivyo, programu ikiwashwa tena itazikuta barua zilezile na kuziandika upya, hivyo mwombaji mmoja anaweza kuonekana mara mbili au tatu katika orodha. Dawa yake ni amri ya UIDL, inayoipa kila barua kitambulisho kisichobadilika, ili programu ikague kwanza kama imekwisha kuishughulikia.

Mpangilio wa kazi nao una uzito wake. Programu inayofuta barua kwenye seva kabla ya kuthibitisha kwamba nakala imehifadhiwa kwenye diski ni sawa na tarishi anayechana bahasha akiwa bado njiani. Diski ikijaa, barua hiyo haipo tena popote, na mwombaji aliyeituma hatajua kamwe kwa nini hakuitwa kwenye usaili.

Itifaki ya pili, IMAP, ilibuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1986. Crispin, aliyefariki mwaka 2012, alikuwa na wazo tofauti: barua zibaki kwenye seva, na mtumiaji azisome kutoka kompyuta yoyote. Toleo lililotumika kwa muda mrefu liliandikwa mwaka 2003, na marekebisho yake yakatolewa mwaka 2021. Leo hii mtu anayesoma barua kwenye simu, kisha akaikuta ofisini ikiwa imekwisha kuwekewa alama ya kusomwa, mara nyingi anafaidi kazi ya itifaki hiyo.

Alama hiyo ya kusomwa ndiyo chanzo cha hitilafu ambayo ni vigumu kuigundua. Programu ikiagiza barua nzima kwa njia ya kawaida, seva huihesabu kuwa imesomwa. Karani akifungua kisanduku asubuhi hukuta barua zote zimefifia, hakuna hata moja iliyokoza kuonyesha kuwa ni mpya, naye hudhani mwenzake amekwisha kuzijibu. Hakuna kilichopotea na hakuna kilichoharibika, lakini hakuna anayejibu. Ufumbuzi wake ni neno moja: badala ya kuomba BODY, programu iombe BODY.PEEK, yaani ichungulie bila kugusa alama. Njia nyingine ni kufungua kisanduku kwa ruhusa ya kusoma tu.

Namba za barua pia huwatega wageni. Barua ya tatu ikiondolewa kabisa, iliyokuwa ya nne huwa ya tatu, na iliyokuwa ya tano huwa ya nne. Programu iliyokariri kwamba ifute namba tano itafuta ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo IMAP ina namba ya pili, UID, ambayo haihami barua nyingine zinapoondolewa, na watunzi wenye uzoefu hawatumii namba nyingine yoyote.

Barua ikishachukuliwa, bado kuna kuifungua. Barua pepe za awali zilibeba maandishi matupu ya herufi za Kiingereza. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa utaratibu uitwao MIME, uliowezesha picha, sauti na herufi za lugha nyingine kusafiri ndani ya barua kwa kugeuzwa kuwa maandishi ya kawaida. Ugeuzaji huo huongeza uzito kwa karibu theluthi moja. Picha ya megabaiti tatu husafiri ikiwa na nne. Maktaba hurudisha kila kitu katika hali yake, lakini haichagui jina la kuhifadhia. Waombaji 200 wakituma faili iitwayo CV.pdf, na programu ikazihifadhi zote kwa jina hilo katika folda moja, itabaki moja tu, ile ya mwisho. Mtu mwenye nia mbaya anaweza pia kuipa faili jina linaloelekeza kwenye folda nyingine kabisa ya kompyuta. Ni salama zaidi programu iipe kila faili jina lake yenyewe.

Upande wa usalama umebadilika mno. Zamani POP3 ilitumia mlango namba 110 na IMAP namba 143, na neno la siri lilipita wazi, likiweza kusomwa na yeyote anayechungulia mtandao wa mkahawa wa intaneti. Milango inayopendekezwa sasa ni 995 na 993, ambako mazungumzo yote hufichwa tangu mwanzo. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 ulilisisitiza hilo. Lakini kuficha mazungumzo hakutoshi kama hujui unazungumza na nani. Kwa miaka mingi imaplib, isipoagizwa waziwazi, haikuwa ikikagua cheti cha utambulisho cha seva. Mstari mmoja wa ziada huondoa tatizo hilo, na inashangaza jinsi mifano mingi ya kufundishia inavyouacha.

Mabadiliko yaliyozigusa ofisi nyingi zaidi yalikuja mwaka 2022. Mwezi Mei mwaka huo Google iliacha kuruhusu programu za nje kuingia katika akaunti binafsi za Gmail kwa jina na neno la siri la kawaida, na kuanzia Oktoba Microsoft ikaanza kufunga njia hiyo hiyo katika huduma yake ya Exchange Online. Programu zilizokuwa zikifanya kazi kwa miaka zikakuta mlango umefungwa. Badala yake hutakiwa kibali cha muda, mithili ya hati yenye mhuri inayomruhusu mbebaji kufanya kazi fulani tu, na ambayo huisha nguvu baada ya muda mfupi na kuhitaji kuhuishwa. Watumiaji wa PHP nao walipata msukosuko wao Novemba 2024, toleo la 8.4 lilipotoka bila kiungo cha IMAP kilichokuwa kikija nayo.

Limebaki suala la tarehe, ambalo kwa mwombaji wa kazi ndilo linalouma kuliko yote. Tarehe inayoonekana juu ya barua huandikwa na kompyuta ya mtumaji. Saa yake ikiwa nyuma kwa siku mbili, barua iliyochelewa itaonekana imewahi. Ikiwa mbele, iliyowahi itaonekana imechelewa. Programu inayowachuja waombaji kwa tarehe hiyo inaamini saa isiyokuwa yake. Katika IMAP kuna tarehe nyingine, INTERNALDATE, ambayo kwa barua inayoingia kwa njia ya kawaida huonyesha wakati seva ilipoipokea. POP3 haina tarehe hiyo, hivyo programu hulazimika kusoma mstari wa juu kabisa wa Received, unaoandikwa na seva ya mwisho kuipokea barua, na kulinganisha saa hiyo na saa ya mwisho iliyotajwa katika tangazo, baada ya kuzibadili zote mbili ziwe za majira ya Afrika Mashariki.