Kuandika Madai ya Matibabu: Kazi Inayowafaa Vijana wa Vyama vya Msingi

Mwanachama apelekapo kahawa yake katika chama cha msingi, haondoki mizanini bila stakabadhi. Humo huandikwa jina lake, namba yake ya uanachama, uzito wa kahawa na tarehe. Endapo karani amekosea tarakimu moja, malipo ya mkulima huyo yatakawia au yatakwenda kwa mwingine. Matibabu ya bima nayo huendeshwa kwa utaratibu unaofanana na huo. Hospitali hutibu kwanza. Fedha huja baadaye, nazo huja kwa nguvu ya maandishi. Kwa sababu hiyo imezuka kazi ambayo haijafahamika vya kutosha vijijini, yaani kazi ya kuandika madai ya matibabu na kuyapa magonjwa namba zake.

ASILI YA KAZI HII NCHINI

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001 kwa kuwahudumia kwanza watumishi wa Serikali. Wakulima nao walifikiwa. Mwaka 2011 ulianzishwa mpango wa bima kwa wakulima wa kahawa walio katika vyama vya msingi vya KNCU, na baadaye Mfuko wa Taifa ukaanzisha Ushirika Afya kwa ajili ya wakulima wanaushirika. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kadiri wenye kadi wanavyoongezeka, ndivyo madai yanavyozidi kuwa mengi katika hospitali kubwa kama KCMC na Mawenzi, katika hospitali za mlimani kama Kibosho, Kilema, Machame na Huruma, na hata katika zahanati.

NAMBA ZA MAGONJWA

Mnunuzi wa Ujerumani au Japani aonapo alama ya AA hutambua mara moja ukubwa wa punje za kahawa, ingawa hajakanyaga shamba lolote la Uru. Namba za magonjwa hufanya kazi ya namna hiyo. Shirika la Afya Duniani hutoa orodha ambamo kila ugonjwa umepewa alama ya herufi na tarakimu. Katika toleo la 10, lililoidhinishwa mwaka 1990, shinikizo la damu ni I10 na kisukari cha aina ya pili ni E11. Malaria ambayo aina ya vimelea vyake haikutajwa ni B54, bali ile ya vimelea vya falsiparamu ni B50. Mkulima akianguka kutoka juu ya mti alipokuwa akikata majani ya ng'ombe, akavunjika mkono chini ya kiwiko, kuvunjika kwake huandikwa S52, na chanzo chake, yaani kuanguka kutoka mtini, huandikwa W14. Toleo la 11 lilianza rasmi Januari 2022. Basi mwenye kazi hii hana budi kuendelea kujifunza.

KAZI YENYEWE

Mwandishi wa madai ana wajibu huu:

(a) Kuhakikisha kuwa kadi ni hai na kwamba mwenye kadi ndiye mgonjwa.

(b) Kusoma maandishi ya mganga na kuweka namba ya ugonjwa inayolingana nayo.

(c) Kuorodhesha vipimo, dawa na huduma kwa namba na bei zilizo katika mkataba.

(d) Kuona kuwa mganga na mgonjwa wametia saini.

(e) Kupeleka madai kwa wakati na kufuatilia yaliyokatwa.

Mganga akiandika malaria, na majibu ya kipimo hayamo katika faili, mhakiki wa bima aweza kukata gharama za dawa. Dawa zimekwisha kumezwa, na hasara ni ya zahanati. Zahanati isiyolipwa hushindwa kununua dawa nyingine, na mwanachama aliyetoa mchango wake kamili huambiwa akanunue dukani.

UAMINIFU

Mwandishi wa madai huandika kilichofanyika, wala hazidishi. Kuongeza kipimo ambacho hakikufanywa, au kubadili namba ya ugonjwa ili malipo yawe makubwa, ni wizi wa michango ya wanachama, sawa na kuchezea mizani. Mwanachama naye asitie saini fomu tupu. Asomewe kwanza kilichoandikwa. Siri za mgonjwa zisitoke nje ya ofisi.

NJIA YA KUANZA

Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne aweza kusomea kumbukumbu za afya na teknolojia ya habari. Stashahada za fani za afya kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Kabla ya kulipa ada, mzazi na ahakikishe kuwa chuo kimesajiliwa na NACTVET. Kiingereza kisipuuzwe, maana waganga huandika kwa lugha hiyo. Wala kompyuta isipuuzwe, kwa kuwa hospitali nyingi za Serikali hutumia mfumo wa GoTHOMIS. Aliyesomea uhesabu aweza kuingia kwa mlango wa ofisi ya mapato, akajifunza namba za magonjwa akiwa kazini.

Kuna tahadhari moja. Yapo matangazo ya vyeti vya Marekani yanayoahidi kazi ya kufanyia nyumbani. Namba za huduma zitumikazo huko, zijulikanazo kama CPT, ni za Chama cha Madaktari cha Marekani, nazo si zile za Mfuko wetu. Asiuze mtu shamba kwa ajili ya cheti ambacho hospitali za hapa hazikihitaji.

Halmashauri za vyama vya msingi zingefanya vema kuwatambua vijana wenye mwandiko safi na hesabu sahihi, na kuwaombea nafasi za mazoezi katika zahanati na hospitali zilizo karibu. Wanachama wanaochangia bima wanahitaji huduma, na huduma hiyo haitadumu ikiwa madai yake yameandikwa ovyo.